Mwongozo Kamili: Kupoza Mvuke Uliotumika na Kurudisha Maji Yake Kwenye Boila ya Treni Ndogo ya Mvuke

Wanaojaribu kurudisha maji kwenye injini ndogo za mvuke, zile za kupandwa zenye reli ya upana wa milimita 127 au 184, hukwama pale pale. Wanachukua bomba la mvuke uliotoka kwenye silinda, wanalizamisha kwenye tangi la tenda (behewa dogo la maji na makaa linalovutwa nyuma ya injini), na mwanzoni mambo yanakwenda vizuri: maji yanapungua polepole, juu ya dohani hakuna wingu. Haichukui muda tangi linakuwa moto, injekta (kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke) inagoma, moto unafifia kwa kukosa mvuto wa hewa, na kioo kinachoonyesha kimo cha maji ya boila kinajaa povu la mafuta. Wanang'oa bomba na kusema haiwezekani.

Inawezekana, ila kazi ianze na hesabu ya joto, wala si na mabomba. Kuna kanuni moja inayoongoza hatua zote hapa chini: mvuke upozwe mpaka ugeuke maji, halafu maji hayo yaachwe yakiwa moto. Anayehangaika kuyapoza maji yenyewe anatupa kuni au makaa yake hewani.

## Kwa nini tangi peke yake halitoshi

Kilo moja ya mvuke wa digrii 100 ikigeuka maji ya digrii hizo hizo 100 inaachia kilojuli 2,257. Maji nayo humeza kilojuli 4.19 tu kwa kila kilo, kwa kila digrii yanayopanda. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linalowaangusha watu.

Chukua tenda yenye lita 60 za maji ya digrii 20. Injekta ndogo nyingi huanza kusumbua maji yakikaribia digrii 40. Tuwe wakarimu tuseme 45. Kila kilo ya maji itameza kilojuli 105 kufika hapo. Kila kilo ya mvuke, kuanzia mvuke hadi maji ya digrii 45, inaleta karibu kilojuli 2,490. Kwa hiyo kilo moja ya mvuke inadai karibu kilo 24 za maji baridi, na lita 60 zako zote zinaweza kupokea kilo 2.5 za mvuke basi. Injini inayotumia lita 24 kwa saa hutoa kilo 0.4 kila dakika. Tangi limekwisha nguvu kwa dakika 6.

Injini za Metropolitan Railway za London zilipitisha mvuke kwenye matangi ya maji tangu miaka ya 1860, lakini shabaha yao ilikuwa kuepusha mvuke ndani ya mahandaki. Maji yakishapata moto yalimwagwa, yakajazwa mengine. Hiyo si kuokoa maji.

Waliookoa maji kweli kweli walilipeleka joto hewani. Injini za Daraja la 25 za reli za Afrika Kusini, 90 kwa jumla, zilizoanza kazi mwaka 1953 kwenye ukame wa Karoo, zilikuwa na tenda iliyojaa rejeta ubavuni na feni juu. Ziliokoa hadi asilimia 90 ya maji na ziliweza kwenda mamia ya kilomita bila kujaza. Mpangilio tutakaoufuata ni huo huo, umepunguzwa.

## Vifaa vinavyohitajika

Andaa vyote kabla ya kukata bomba hata moja.

- Rejeta mbili za shaba nyekundu au brasi, zenye mirija ya kusimama wima. Epuka alumini: maji ya boila yaliyotiwa dawa ni ya alkali, na yakibebwa na mvuke huila alumini.
- Feni mbili za umeme za volti 12, za aina inayopoza injini ya gari, pamoja na fyuzi na swichi zake.
- Betri ya Ah (ampea-saa) 100. Feni mbili za jumla ya wati 200 hula ampea 17 hivi. Kwa saa tatu ni Ah 51, na betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu.
- Bomba la shaba la milimita 28 kwa njia kuu ya mvuke, na kipande cha mpira unaohimili mvuke kwa kiungo kati ya injini na tenda.
- Valvu ya njia tatu ya milimita 28, ya aina ambayo haiwezi kufunga njia zote mbili kwa wakati mmoja.
- Valvu ya kuvutia hewa, yaani valvu ya njia moja inayofunguka kuelekea ndani ya bomba.
- Chombo cha kutenganisha mafuta: kipande cha bomba la chuma cha pua la kipenyo cha milimita 75, urefu wa milimita 250, vibao vya ndani, na wavu wa chuma cha pua.
- Tangi dogo la maji moto la lita 8 hadi 10, lenye vyumba vitatu.
- Dodoki kavu na vitambaa vya taulo vya pamba kwa kuchujia, pamoja na mkaa maalumu wa kuchujia maji.
- Pampu ya ekseli (inayoendeshwa na mhimili wa magurudumu) au pampu ya umeme inayohimili maji ya digrii 95, na pampu ya mkono kama akiba.
- Geji ya presha ya kuanzia 0 hadi 1 bar, vipimajoto vitatu, karatasi za kupimia pH, na kipande cha kafuri. Matumizi ya kafuri utayaona kwenye Hatua ya 6.

## Onyo la mwanzo

Kazi yote iliyo hapa ni ya upande wa mvuke uliokwisha kutumika na upande wa maji ya kulisha. Boila lenyewe usilitoboe, usilichomelee, usiguse valvu zake za usalama. Ukihitaji tundu jipya kwenye boila, hilo ni la mkaguzi wa maboila kuamua.

Na jambo lisilo na mjadala: lazima ibaki njia ya pili ya kulisha boila, inayojitegemea, yenye maji baridi ya tangi lake. Acha injekta yako pale ilipo na uipe tangi lake dogo. Siku mfumo wa kurudisha maji utakapokwama, na siku hiyo itafika, maji baridi ndiyo yatakayokuokoa.

## Hatua ya 1: Pima injini yako inakunywa kiasi gani

Usitumie namba za mwenzako. Jaza boila mpaka alama fulani kwenye kioo, funga uzi hapo. Endesha nusu saa kwa mzigo wako wa kawaida, na kila maji unayomimina kwenye tenda yapime kwa chombo chenye vipimo. Maji ya injekta yanayomwagika chini yakinge kwa ndoo, kisha yatoe kwenye hesabu. Mwishoni rudisha maji ya boila kwenye alama ya uzi.

Zidisha kwa mbili, umepata lita kwa saa. Rudia siku nyingine, maana moto mzuri na moto mbaya hutoa namba tofauti.

Umefaulu ikiwa: vipimo viwili havipishani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

## Hatua ya 2: Geuza lita kuwa kilowati na ukubwa wa rejeta

Tuendelee na lita 24 kwa saa. Hizo ni gramu 6.7 za mvuke kila sekunde, na joto lake ni kilowati 15.

Hewa ndiyo itakayobeba joto hilo. Tukikubali hewa ipande digrii 25 inapopita kwenye rejeta, inatakiwa kilo 0.6 ya hewa kila sekunde, yaani nusu mita ya ujazo kila sekunde. Rejeta mbili zenye uso wa sentimita 30 kwa 45 kila moja zina jumla ya mita mraba 0.27, hivyo hewa itapita kwa mwendo wa karibu mita 2 kwa sekunde. Feni za gari zinaweza, mradi njia ya hewa isizibwe.

Eneo la mapezi, yaani vibati vyembamba vinavyozunguka mirija ya rejeta, pia lihesabiwe. Kwa mwendo huo wa hewa, kadiria wati 35 kwa kila mita mraba ya mapezi kwa kila digrii ya tofauti. Mvuke ukiwa digrii 100, hewa ikiingia 25 na kutoka 50, tofauti ya wastani ni digrii 62. Gawa wati 15,000 kwa 35 mara 62: unapata mita mraba 7. Ongeza robo ya akiba, iwe 9. Hili ni eneo la mapezi yote yakikunjuliwa, pande zote mbili, wala si uso unaouona kwa mbele.

Kumbuka siku ya jua kali. Hewa ikiwa digrii 40 badala ya 25, uwezo wa rejeta hushuka kwa moja ya tano: kilowati 15 zinabaki 12. Ile akiba ya robo imewekwa kwa ajili ya siku hiyo, usiikate ili tenda ionekane nyembamba.

Hatua ya 5 itakuonyesha kwa nini ninapendelea kupoza nusu tu ya mvuke kwenye injini ndogo. Ukichagua njia hiyo, gawa namba zote hizi kwa mbili.

Umefaulu ikiwa: una karatasi yenye namba tatu (kilowati, mita za ujazo za hewa kwa sekunde, mita mraba za mapezi) kabla ya kwenda kununua rejeta.

## Hatua ya 3: Bomba kubwa, valvu isiyoziba

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wa presha ya kawaida inajaza karibu lita 1,670. Mvuke huo ukisukumwa kwenye bomba jembamba unarudi kuzikaba pistoni, na injini inapoteza nguvu. Kwa gramu 6.7 kwa sekunde, bomba la milimita 28 linapitisha mvuke kwa mwendo wa mita 21 kwa sekunde hivi, unaokubalika. Bomba la milimita 15 litakunyima nguvu mlimani, kisha utailaumu rejeta bure.

Weka valvu ya njia tatu mara tu baada ya silinda: upande mmoja dohani, upande mwingine tenda. Valvu inayoweza kuziba pande zote mbili ni hatari kubwa, kwa sababu mvuke uliokosa pa kutokea utatafuta gasketi dhaifu kuliko zote.

Bomba lote literemke kuelekea tenda. Pasipo na mteremko pana kidimbwi cha maji, na kidimbwi hicho kitagonga kama nyundo mvuke ukija kwa kishindo.

Kisha ile valvu ya kuvutia hewa. Ukifunga regileta (valvu inayoruhusu mvuke wa boila kwenda kwenye silinda), mvuke ulio ndani ya mabomba na rejeta unagandamana ghafla kuwa maji, na nafasi yake inabaki tupu. Utupu huo unaweza kuvuta maji machafu na majivu hadi ndani ya silinda, au kukunja chombo cha bati. Weka valvu hiyo sehemu ya juu kabisa ya bomba.

Weka geji ya presha kwenye mlango wa rejeta.

Umefaulu ikiwa: injini ikivuta mzigo wake, geji haizidi 0.2 bar, na ukifunga regileta unasikia valvu ya hewa ikivuta pumzi mara moja na kunyamaza.

## Hatua ya 4: Toa mafuta kabla mvuke haujafika kwenye rejeta

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo maboila yanapoharibiwa.

Mvuke uliotoka kwenye silinda umebeba mafuta ya kulainisha pistoni. Njia ya kawaida inayatupa nje kupitia dohani, hivyo hujawahi kuyaona. Ukiurudisha mvuke huo, mafuta nayo yanarudi. Ndani ya boila hutengeneza utando kwenye bati la juu ya moto. Utando mwembamba kama karatasi unatosha kuzuia joto lisiingie kwenye maji. Bati linapata moto kupita kiasi, linalegea, linabonyea. Mafuta hayo hayo huleta povu, na povu hukudanganya kwenye kioo: unaona maji yako juu kumbe chini hakuna kitu.

Anza kwenye chanzo. Mafuta ya silinda yaliyochanganywa na mafuta ya wanyama hupendwa kwa mvuke wenye unyevu kwa vile hushika vizuri chuma. Lakini kwa sababu hiyo hiyo huungana na maji yakawa kama maziwa, na maziwa hayo hayachujiki kirahisi. Tumia mafuta ya madini matupu yasiyochanganywa, na punguza mdondoko wa kilainishi hadi kiwango cha chini ambacho fimbo za pistoni bado zinaonyesha utando wa mafuta.

Sasa tengeneza chombo cha kutenganisha. Mvuke ukitoka kwenye bomba la milimita 28 na kuingia kwenye chombo cha milimita 75, mwendo wake unashuka kutoka mita 21 hadi mita 2.5 kwa sekunde hivi. Mvuke ni mwepesi, unageuka kona. Tone la mafuta ni zito, linakwenda moja kwa moja na kugonga ukuta. Kwa hiyo:

1. Ingiza mvuke kwa ubavu, juu kidogo ya katikati, ugonge kibao cha kwanza uso kwa uso.
2. Weka vibao vitatu vinavyopishana, kila kimoja kikiziba theluthi mbili za njia, kikiinama kuelekea chini.
3. Juu ya vibao jaza wavu wa chuma cha pua, usioshindiliwa, kina cha milimita 60.
4. Tokea juu, elekea rejeta.
5. Chini kabisa weka bilula ya kutolea mafuta, na kichupa cha kuyakinga.

Kivike chombo hiki nguo nzito ya kuzuia joto. Kikiwa baridi, mvuke unageuka maji ndani yake na kuzoa mafuta yaliyokwisha kunaswa. Kikiwa moto, mafuta yanabaki mepesi na kuchuruzika chini.

Umefaulu ikiwa: baada ya nusu saa ya kuendesha, ukifungua bilula panatoka mchuruziko mweusi mzito wenye maji kidogo. Kama panatoka maji mengi meupe kama chai ya maziwa, ama mafuta yako ni ya mchanganyiko ama chombo hakijavikwa vizuri.

## Hatua ya 5: Usiunyime moto mvuto wake

Mvuke unaopanda dohani ndio unaovuta hewa kupita kwenye moto. Ukiupeleka wote tenda, moto unalala. Wajenzi wengi hugundua hili siku ya kuwasha.

Daraja la 25 lilikuwa na feni ndani ya chemba ya moshi, ikizungushwa na tabo (gurudumu la mapanga) iliyoendeshwa na mvuke uliotumika. Ilifanya kazi, ila chembe za makaa zilikuwa zikila mapanga ya feni mara kwa mara. Kwenye injini ndogo una njia mbili za maana: feni ya umeme juu ya dohani, mapanga ya chuma, mota ikiwa nje kabisa ya njia ya moshi; au kugawa mvuke.

Mimi nasimama na kugawa mvuke. Nusu unapanda dohani kuvuta moto, nusu unakwenda tenda. Rejeta inakuwa nusu, feni inakuwa moja, betri inakuwa ndogo, na bado unaokoa karibu nusu ya maji bila kutegemea mota moja kuweka moto hai.

Nusu ya mvuke kwenye pua ile ile ya zamani, yaani tundu linalopuliza mvuke kwenda dohani, itapuliza kwa ulegevu. Punguza eneo la tundu la pua liwe karibu nusu, maana yake kipenyo kizidishwe kwa 0.7: pua ya milimita 12 iwe ya 8.5. Halafu, kwa kuwa njia ya tenda ni rahisi kwa mvuke kuliko pua, weka valvu ya kubana kwenye tawi la tenda na uibane polepole mpaka moto uchangamke.

Onyo: kabla ya kufungua mlango wa moto, fungua kidogo bomba la kupulizia mvuke hai (unaotoka moja kwa moja kwenye boila) kwenye dohani. Mvuto ukikatika mlango ukiwa wazi, ndimi za moto hutoka nje kuelekea usoni mwako.

Umefaulu ikiwa: presha ya boila haishuki injini ikivuta mzigo, na moto ni mweupe wenye kung'aa, bila moshi mzito.

## Hatua ya 6: Rejeta, tangi la maji moto na uchujaji

Mvuke uingie juu ya rejeta, maji yatoke chini. Mirija ikilazwa, maji hubaki ndani na kuziba njia.

Hewa lazima ipate pa kutokea. Kila mara mvuke unapokatika hewa huingia, na haigeuki maji. Inakusanyika chini ya rejeta na kufunika mirija. Toa mrija wa milimita 10 kutoka kasha la chini la rejeta hadi juu ya tenda, uachwe wazi. Mrija huo pia ndio kinga yako: feni zikifa, mvuke utatokea hapo badala ya kupandisha presha.

Feni zivute hewa kutoka ubavuni, kupitia rejeta, na kuitupa juu. Ziba kila upenyo kati ya rejeta na ukuta wa tenda kwa bati na mpira, kwani hewa hupenda njia ya mkato.

Pima rejeta ikiwa kazini. Kipimajoto cha mwanga hudanganywa na chuma kinachong'aa, basi bandika vipande vya tepu nyeusi na upime juu ya tepu. Sehemu ya juu iwe karibu digrii 100, chini iwe 75 hadi 85. Mrija mmoja ukiwa baridi wakati majirani zake ni moto, ndani yake kuna hewa au mafuta.

Maji ya rejeta yaanguke kwenye tangi la vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni cha kutulia: mafuta yaelee, maji yapite *chini* ya ukuta. Chumba cha pili jaza dodoki chini na taulo juu yake. Mafundi wa meli za mvuke walitumia dodoki na taulo kwa kazi hii hii, na hadi leo sijaona kitu cha bei ndogo kinachoshika mafuta vizuri hivyo. Chumba cha tatu kiwe na mkaa wa kuchujia ndani ya mfuko wa kitambaa, kisha pampu.

Sasa kafuri. Chukua gilasi iliyooshwa kwa sabuni, ikasuuzwa kwa maji moto mara kadhaa, bila kuigusa ndani kwa kidole. Jaza maji ya chumba cha tatu. Kwangua vipande vidogo vya kafuri kama punje za chumvi, vidondoshe juu ya maji. Maji yakiwa safi, punje zinazunguka na kukimbia huku na huko zenyewe. Pakiwa na mafuta hata kidogo, zinalala tuli. Fanya kwanza na maji safi ya bomba, ujue mwendo wake ulivyo.

Umefaulu ikiwa: kafuri inacheza. Ikilala, maji hayo yasiingie kwenye boila. Badilisha taulo na dodoki kwanza.

## Hatua ya 7: Pampu iwe chini ya maji moto

Maji ya digrii 80 au 90 hayanyonyeki kwenda juu. Pampu ikijaribu kuyavuta, presha inashuka, maji yanachemka ndani ya bomba la kunyonyea, na pampu inabaki kusukuma mvuke. Utasikia sauti kama kokoto.

Weka sakafu ya tangi la maji moto angalau sentimita 30 juu ya pampu, bomba liwe nene, fupi, lisilo na kona nyingi. Kwenye njia ya kwenda boila weka valvu ya njia moja, na tawi la kurudisha maji ya ziada kwenye tangi.

Usishawishike kuyapoza maji ili pampu ipumue. Kwa boila la presha ya bar 7, kulisha maji ya digrii 80 badala ya 20 kunapunguza joto linalohitajika kwa karibu asilimia 9. Zawadi hiyo imekuja bila gharama.

Umefaulu ikiwa: pampu inasukuma mfululizo dakika 15 na maji ya digrii 80 bila kugonga.

## Hatua ya 8: Dawa ya maji

Maji yanayorudi ni kama yaliyokenekwa: hayana chokaa, hivyo magamba yanapungua sana. Ila yakikaa wazi hunyonya hewa na kuwa na asidi kidogo, nayo asidi na oksijeni hula chuma. Kwa boila la chuma, weka pH ya maji ya ndani kati ya 10.5 na 11.5 kwa dawa ya maboila. Boila la shaba lifuate maelekezo ya aliyelitengeneza. Kwa kuwa maji mapya yanayoingia ni machache, dawa nayo huisha polepole. Pima kabla ya kuongeza.

## Hatua ya 9: Jaribio la kwanza

Inua injini kwenye magurudumu ya majaribio, au ifunge breki kwenye sehemu tambarare na mzigo mdogo. Maji yote ya mara ya kwanza yatupe: yana risasi ya lehemu, vumbi na mafuta ya kiwandani.

Endesha dakika 10 valvu ikiwa yote upande wa dohani, boila litulie. Washa feni. Geuza valvu polepole kuelekea tenda, ukitazama vitu vitatu kwa zamu: geji ya rejeta, kioo cha maji, moto. Andika jotoridi la mlango wa rejeta, la mkia wake na la tangi kila dakika 5.

Mrija wa hewa ukitoa uzi mwembamba wa mvuke, uko sawa. Ukifoka, rejeta imelemewa: rudisha sehemu ya mvuke dohani. Jotoridi la tangi likipanda bila kusimama, hesabu ya Hatua ya 2 irudiwe, au kuna mapezi yaliyozibwa.

Povu likitokea kwenye kioo, usibishane nalo. Geuza mvuke wote dohani, lisha boila kwa injekta na maji baridi, zima moto, na siku inayofuata mwaga maji yote ya boila na kuliosha.

Usitarajie kurudisha yote. Valvu za usalama, honi, bilula za silinda na kipulizio cha dohani vyote vinatoa maji ambayo hayarudi. Kwa anayepoza mvuke wote, kurudisha asilimia 70 hadi 80 ni kazi nzuri. Kwa anayegawa nusu, asilimia 40.

## Baada ya kila safari

Mwaga maji ya rejeta yangali moto kupitia bilula ya chini, na acha mrija wa hewa wazi usiku kucha ili mirija ikauke. Toa mafuta kwenye chombo cha kutenganisha kikiwa bado vuguvugu; yakipoa yanaganda kwenye wavu. Mafuta hayo yahifadhi kwenye dumu, yasimwagwe ardhini.

Taulo fua kwa maji moto na sabuni, suuza mpaka povu liishe kabisa, kwa sababu sabuni iliyobaki italeta povu boilani sawasawa na mafuta. Dodoki likishakuwa jeusi hadi katikati halifuliki tena, weka jipya. Mkaa ubadilishwe mara tu kafuri inapoanza kuzubaa, hata kama maji yanaonekana safi machoni.